Flaiwili ya Daktari wa Meno

Jumatatu, 4 Agosti

Gari limeingia leo saa nne na robo, gereji nzima ikanyamaza. Hata kompresa ilizimika yenyewe. (Niliizima mimi. Lakini inapendeza zaidi ikizimika yenyewe.)

Jekundu! Limekaa chini mpaka ukisimama kando yake unajiona umerefuka. Mwenyewe ni mwanamama, daktari wa meno. Mikono misafi kuliko sahani za nyumbani kwetu. Siku za kazi anang'oa meno ya watu, Jumamosi anashindana mbio za magari uwanjani na kuwaacha wanaume wakila vumbi. Nimempenda papo hapo. Kiufundi, namaanisha. Ana umri wa mama.

Shida ni klachi. "Nikikanyaga mafuta injini inapiga kelele, gari lenyewe haliendi," alisema. "Kama mtu anayekuitikia 'nakuja' na bado amelala." Nikamwambia wa hivyo tunaye hapa, ndiye mpaka rangi wetu. Mpaka rangi akanirushia kitambaa.

Mjomba alilizunguka mara mbili, mkono kiunoni. Gereji ni yake, lakini mgongo umemkamata tangu wiki iliyopita. Kuinama hawezi, kulala chini ya gari ndiyo kabisa. Kuanzia kesho ameamriwa akae nyumbani kwenye godoro gumu, siku nane. Akaniangalia mimi, akaangalia gari, akaniangalia tena kama mtu anayempa mtoto yai abebe.

"Mpwa wangu," akasema, "hili ni lako. Ukikwama, simu ninayo."

Kukwama! Mimi!

Mjomba ana utaratibu wake. Fundi akishusha giaboksi peke yake, akaipandisha peke yake, na gari lisirudi na lawama, anapewa alama. Anaigonga mwenyewe kwa nyundo na patasi ndogo kwenye kichwa cha bolti ya juu kabisa ya giaboksi. Kuanzia hapo kila kazi yako ina alama yako, na fundi yeyote atakayekuja kufungua atajua nani alifunga. Tangu gereji ianze wamepewa watu wanne tu. Ya Mjomba ni pembetatu. Mimi nimeshachagua yangu: nyota. Pembe tano, siyo nne.

Mbio za mwisho wa msimu ni Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Daktari ni wa pili, nyuma kwa pointi mbili. Wa kwanza ni jamaa mmoja anayemwita "Mama Koleo" mbele za watu. "Nataka nimwone kwenye kioo changu cha nyuma," Daktari alisema. Kwa upole kabisa! Niliwahurumia wagonjwa wake.

Jumanne, 5 Agosti

Giaboksi chini kabla ya saa saba! Peke yangu na jeki moja. Mpaka rangi alishika taa tu — kushika taa si kusaidia.

Nieleze hapa nilichokiona, maana dada yangu nyumbani nikimtajia klachi anapiga miayo. Klachi ya kawaida ina diski moja. Flaiwili huku (gurudumu zito la chuma linalozunguka na injini), presha pleti huku (bamba la kubania), diski katikati inabanwa, nguvu ya injini inapita. Nguvu ikizidi, diski inateleza. Ungeweza kuweka diski kubwa zaidi, lakini gari hili limelala chini, nafasi hakuna. Ungeweza kuibana kwa nguvu zaidi, lakini pedeli itakuwa ngumu mpaka mguu wa kushoto unenepe peke yake. Kwa hiyo wenye akili zao wakaweka diski MBILI, ndogo, na bamba la chuma katikati yao. Nyuso nne zinashika badala ya mbili, kama kamba iliyoshikwa kwa mikono minne. Pedeli laini, nguvu haitoroki. Nilikaa chini nikazitazama vile mtu anavyotazama picha ya mchumba.

Zimeungua zote mbili. Zinanuka. Mpya Daktari amekuja nazo kwenye boksi, pamoja na bamba lake. Kazi ya kitoto.

Lakini! Flaiwili. Niliishika kwa mikono miwili nikaizungusha, ikacheza. Upande mmoja unakwenda, wa pili umebaki. Huku, kule, huku, kule. Flaiwili ninazozijua mimi, za malori na pikapu, ni chuma kimoja, ukigonga inalia kama kengele. Hii ni vyuma viwili vimepandana, na vinacheza. Imekufa hii! Nikachukua kalamu nyeupe, nikachora mstari pale inapoanzia kucheza na mwingine pale inapoishia, nikapiga picha, nikamtumia Daktari na maneno: FLAIWILI IMEKWISHA. BAHATI YAKO UMEKUJA KWANGU.

Alipiga simu mgonjwa wake akiwa anasukutua. Nilisikia kabisa mtu anatema. Una uhakika? Nikasema kama ninavyolijua jina langu. Akasema flaiwili mpya inaagizwa mbali, siku kumi si chini ya hapo. Mbio zitakuwa zimepita. Yule mtu akatema tena.

"Niachie mimi," nikasema.

Sauti ilitoka nzito sana. Hata mimi mwenyewe nilijiamini.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeipeleka kwa Cheche. Huyu ni fundi wa mashine ya kuchongea vyuma, mtaa wa nyuma, na huchomelea chochote ambacho hakikimbii. Wanasema aliwahi kuchomelea geti likiwa limefungwa na mwenye nyumba yuko ndani.

Akaizungusha flaiwili mikononi. "Inacheza."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Basi tunaichomelea isicheze."

Unaona? Watu wawili wenye akili, dakika moja, ugonjwa umepata dawa. Akashusha kofia ya kuchomelea usoni, halafu akaipandisha tena. "Mjomba wako anajua?"

"Mjomba amelala."

"Sijauliza kama amelala, Profesa."

Nikamwambia gari liko chini yangu. Akainua mabega, akashusha kofia. Alichomelea sehemu nane kuizunguka, akaifunga kwenye mashine yake, akasawazisha uso mpaka unang'aa. Nilipoipokea nikajaribu kuizungusha kwa nguvu zangu zote — na nguvu ninazo. Haikutikisika! Nikaigonga na spana. Ikalia kama kengele. Nilirudi gereji nimeibeba kifuani, napiga mluzi.

Nimemwandikia Daktari: IMEPONA. Akajibu: Kwa njia gani? Nikajibu: Ya kifundi. Akatuma kidole gumba.

Alhamisi, 7 Agosti

Mjomba kapiga simu mchana kutoka kwenye godoro lake. Umefika wapi? Nasafisha Mjomba, kesho nafunga. Vizuri. Diski mpya umeziona?

"Nzuri kama nini."

"Zina springi katikati?"

Nikazitazama mezani. Diski ya kawaida ina springi nne au sita kuzunguka tundu la katikati, ndizo zinazomeza mishtuko ya injini ili giaboksi isipigwe. Hizi bapa. Nyembamba. Hazina hata moja.

"Hazina, Mjomba."

"Ehee. Basi springi zake ziko wapi?"

Nikaigeuza diski upande wa pili.

"Mpwa wangu? Au salio limekwisha?"

"Nafikiri, Mjomba."

"Fikiri. Injini haizunguki kwa ulaini hata siku moja, inapiga mateke. Bila springi gari litajitafuna lenyewe. Hao waliolitengeneza wamezificha wapi?"

Na nikajua. Nilijua kabla sijafungua mdomo, na nilitamani nisijue. Zimo ndani ya flaiwili. Katikati ya vile vyuma viwili. Ndiyo maana inacheza — imeumbwa icheze!

"Ndani ya flaiwili," nikasema.

Alifurahi! Nikamsikia anamwambia mkewe pale chumbani: umemsikia? Hajafundishwa na mtu! Kisha akarudi kwangu. "Kwa hiyo ukiona inacheza usishtuke. Ipime tu, kitabu kina kipimo chake. Na usimruhusu yule Cheche aisogelee."

"Sawa, Mjomba."

Flaiwili iko hapa mezani, mbele yangu. Haichezi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefunga.

Nimefikiria vizuri, sijakurupuka. Kwanza: Cheche anasema magari ya mbio yenyewe hasa yana flaiwili ya chuma kimoja. Kwa hiyo nimeliboresha. Pili: pengine ilikuwa imekufa kweli, Mjomba hakuiona. Tatu: nikisema, gari linakaa siku kumi juu ya mawe, Daktari anakosa mbio, na nyota yangu inabaki kichwani mwangu.

Diski ya kwanza, bamba, diski ya pili, kila moja na upande wake. Bolti zote nimezikaza kwa spana ya kipimo, kwa kupishana. Ukiniona ninavyofunga unaweza kulia. Mpaka rangi alishika taa, hakusema neno. Akishika taa huwa anasema sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepanda gari la Daktari! Mbele, kushoto kwa mwenye gari, watu wa mtaa mzima wanatuangalia, na mimi nimeweka mkono dirishani kama nimezaliwa humo.

Alipoliwasha tu, likiwa nyutro, bila gia, ikaanza. Garagaragara! Kopo la skrubu linalotikiswa. Akakanyaga klachi, ikanyamaza. Akaachia, ikarudi.

"Sauti gani hiyo?"

"Ya mbio," nikasema. Sikupepesa jicho.

Akaniangalia kama anavyomwangalia mtu anayedai hupiga mswaki mara tatu kwa siku. Halafu tukatoka, na baada ya kona mbili akasahau. Linashika papo hapo! Ukigusa mafuta limeshaondoka, hakuna kusubiri, maana hakuna kinachonyumbuka katikati. Kwenye barabara ndefu akabadilisha gia tatu mfululizo na kila moja ilinigonga mgongoni kama rafiki asiye na adabu. Daktari anacheka peke yake. "Kijana, umelifanya nini? Halijawahi kuwa hivi!"

Hilo la mwisho ni kweli tupu.

Chini ya miguu nilisikia mtetemo, kwa raundi za katikati. Mwembamba, unapanda kwenye nyayo. Yeye hakuusema. Na mimi sikuusema.

Tuliporudi akafungua mkoba akanipa zawadi: kile kioo kidogo cha duara chenye mkono mrefu, cha kutazamia nyuma ya meno. Cha zamani, amenunua vipya. Akasema gari lina mahali ambapo hata jicho lako kali halifiki. Mpaka rangi ameona wivu mpaka amekosea rangi ya bampa.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumbani. Nimefua ovaroli. Nimelala. Nimeamka. Nimemwomba dada anisomee kitabu cha gari, kile kilichomo kwenye simu, maana mimi shule niliacha kidato cha pili na hicho kitabu kimeandikwa na watu waliomaliza zote. Dada alifuta mikono kwenye kanga akasema ajabu, leo jua limetokea wapi.

Akasoma polepole. Kuzunguka flaiwili kuna meno, yale ambayo starta inayashika kuwashia injini. Kitabu kinasema: zungusha upande mmoja mpaka mwisho, hesabu umepita meno mangapi. Ikiwa hayazidi tisa, na ukiachia inavutwa kurudi, ni nzima.

Picha ninayo. Ile niliyompelekea Daktari, na mistari yangu miwili myeupe, imechorwa vizuri kabisa, maana mkono ninao. Nikaikuza nikahesabu meno kati ya mstari na mstari.

Matano.

Nikahesabu kutoka upande wa pili, pengine upande huo ni mengi. Matano.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima?" dada akauliza.

"Ilikuwa na afya kuliko wewe."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona sijacheka. "Wewe, umefanya nini?" Nikamwambia mambo ya kazi. Akasema haya, mambo ya kazi, na akanipunguzia sukari kwenye chai bila kuniuliza, kama alivyokuwa akifanya nilipofeli mtihani.

Jumatatu, 11 Agosti

Breki za pikapu. Oili ya magari mawili. Nimetia fora kama kawaida yangu. Sijaifikiria flaiwili hata mara moja.

Mara tatu.

Jumatano, 13 Agosti

Mjomba amerudi! Anatembea na fimbo, wima kama nguzo ya simu, akitaka kukutazama anageuka mwili mzima. Akageuka mwili mzima kunitazama mimi. Daktari alikuwa amempigia. Kamwambia mpwa wako ana mikono ya dhahabu. Mjomba akalirudia hilo kwa mpaka rangi, akalirudia kwa mtu wa matairi ng'ambo ya barabara, akalirudia kwa mteja aliyekuja kuuliza njia tu.

Kesho Daktari analeta gari kuangaliwa oili ya giaboksi kabla ya mbio. Na kesho, mbele yake, nagonga nyota.

"Uliipima ile flaiwili?" Mjomba aliuliza, kama mtu anayeuliza kama umekula.

"Meno matano," nikasema.

Si uongo! Andika hivyo: si uongo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nianze wapi.

Gari lilipokunja kuingia getini nilikuwa nimeshakimbia nje. "Zima Daktari, zima, acha ipoe!" Akazima, tukalisukuma mpaka kwenye lifti, mimi na mpaka rangi. Ili Mjomba asisikie lile kopo la skrubu. Nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi, nikijisifu moyoni kwa akili.

Gari likapandishwa. Oili safi. Mjomba akasimama chini yake na fimbo, Daktari pembeni na koti lake jeupe, anatakiwa kazini saa tano. Mjomba akatoa patasi kwenye kitambaa. Akasema gereji hii imetoa watu wanne na leo ni wa tano, na wa tano ni mtoto wa dada yangu, na kama dada yangu angekuwa hapa angesema ni mdomo tu, lakini mdomo huu una mikono. Daktari akapiga makofi. Mpaka rangi akapiga makofi. Nikapokea nyundo.

Mara tano. Tak. Tak. Tak. Tak. Tak. Pembe tano kwenye kichwa cha bolti. Imekaa vizuri! Lazima niandike kwamba imekaa vizuri, hata sasa.

Chini ya giaboksi kuna tundu dogo la kuchungulia, lina kizibo cha mpira. Sikuwa na sababu ya kukitoa. Nilikitoa. Nikasema nafuta vumbi. Nikaingiza kile kioo cha meno na tochi, na kwa mkono wa pili nikaizungusha injini taratibu kwa spana. Mchomeleo wa kwanza, mzima. Wa pili, mzima. Wa tatu una mstari.

Nikadhani ni uchafu, nikakifuta kioo kwenye ovaroli. Mstari. Mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, kutoka ukingo mpaka ukingo. Wa nne, mstari. Wa tano sikuutafuta.

Injini ile inazunguka raundi elfu nane kwa dakika. Kile chuma kikiachia kwa elfu nane hakibishi hodi. Kinapasua ganda la giaboksi, ambalo ni alumini tu, kinapasua sakafu. Na upande wa pili wa sakafu iko miguu ya Daktari. Ile yenye viatu vyembamba.

"Vipi huko?" Mjomba aliuliza. Mgongo haumruhusu kuinua shingo.

Nyundo ilikuwa sakafuni, miguuni pangu. Wote watatu wananitazama wakitabasamu.

"Safi," nikasema.

Tukalishusha. Na kabla hajaliwasha, mimi — mimi huyu huyu — nilikwenda ukutani nikaiwasha kompresa. Ikanguruma. Mjomba hakusikia kitu. Daktari akapunga mkono, akaondoka na nyota yangu.

Sikula mchana. Nimempigia Daktari mara mbili, kapokea dada wa mapokezi, anasema yumo ndani ya mdomo wa mtu. Nimeandika ujumbe mara tatu nikaufuta mara tatu. Wa kwanza ulianza na "Habari za kazi". Nani anaanza hivyo?

Ijumaa, 15 Agosti

Naandikia magotini. Niko kliniki ya Daktari, kwenye benchi, saa nne kasoro.

Nilimwambia Mjomba naenda kwa daktari wa meno. Akanipa pole, akasema nisukutue na maji ya chumvi. Yeye nitamwambia jioni na atafanya atakalofanya. Kwanza mwenye miguu. Mbio ni kesho saa nane mchana na gari liko hapa nje, limeegeshwa kivulini, nimelipita nikakosa hata ujasiri wa kuligusa.

Dada wa mapokezi hataki kusikia. Daktari hatoki mpaka mchana, amejaza wagonjwa ili kesho awe huru. Nikasema ni mambo ya gari lake. Akasema wote wanaotaka kupitishwa mbele huwa na jambo lao, jana mmoja alisema ni mjomba wake Daktari. Ukitaka kumwona, chukua namba. Nikachukua namba. Kumi na mbili.

"Jino gani?"

"La nyuma," nikasema.

"La juu au la chini?"

"La chini. Chini kabisa."

Mimi nina meno thelathini na mawili, yote mazima, sijawahi kutia mguu mahali kama hapa. Leo naweza kutoka na pungufu. Mzee wa kulia kwangu ameshika shavu kwa leso. Mama wa kushoto ana mtoto anayeniuliza kama nitalia. Nimemwambia mimi ni fundi, mafundi hatulii. Akasema baba yake pia ni fundi na alilia.

Nyuma ya mlango ile mashine yao ya kutobolea meno inavuma. Nimeisikiliza vizuri: raundi nyingi sana, laini, haina mtetemo hata chembe. Mtu aliyeifunga hiyo anaijua kazi. Mimi pia naijua kazi! Diski zile mbili zimekaa sawasawa, bolti zimekazwa kwa kipimo, hakuna tone la oili linalovuja, mahali popote nitasimama niseme hivyo. Ni flaiwili tu. Ilikuwa nzima na nikaipeleka ikauawe.

Nimekuwa nikiyapanga maneno. Daktari, samahani. Hapana. Daktari, kuna kitu kidogo. Si kidogo. Daktari, kesho usiendeshe. Atauliza kwa nini, na atakuwa amevaa barakoa, macho tu ndiyo yanaonekana, na mimi macho peke yake siyawezi. Nitasema "sauti ya mbio" tena. Najijua. Mdomo wangu ukibanwa unatoa mzaha, hauniulizi.

Na yule jamaa wa "Mama Koleo" atachukua kombe bila jasho, kwa sababu yangu.

Namba tisa ameingia.

Dada wa mapokezi ameniletea fomu, wagonjwa wapya wote wanajaza. Jina. Umri. Kazi. Kwenye kazi nimeandika FUNDI, kisha nikakaa nikaitazama, nikaiacha. Una mzio wa dawa yoyote? Hapana. Tatizo lako ni nini? Eleza. Wameacha mistari minne.

Nimeandika hivi, kwa herufi kubwa ili asome vizuri:

FLAIWILI YAKO HAIKUWA MBOVU. INATAKIWA ICHEZE, SPRINGI ZIMO NDANI YAKE. NILISEMA IMEKWISHA KABLA YA KUPIMA. NIKAMPELEKEA MTU AKAICHOMELEA. JANA NIMEONA MICHOMELEO MIWILI IMEPASUKA NIKASEMA SAFI. USIENDESHE KESHO. USIENDESHE HATA LEO.

Mistari minne haikutosha, nimemalizia pembeni kwa kupinda karatasi.

Chini yake wanauliza: Maumivu yalianza lini? Nikajaza: Jumatano, tarehe sita.

Dada wa mapokezi ameichukua bila kuisoma, ameiweka juu ya rundo, na namba kumi alipoingia rundo lote limeingia naye. Ningeweza kusema ngoja, nimekosea, nipe nyingine. Nilikuwa na muda. Alikwenda polepole, viatu vinambana.

Yule mtoto ananiuliza naandika nini. Nimemwambia barua kwa mchumba. Anasema muongo.

Mlango umefungwa. Mashine imewaka, wanamtoboa namba kumi. Inaendelea. Inaendelea. Mzee wa leso amefumba macho.

Imezimwa. Na haijawashwa tena. Namba kumi hajatoka.

Nasikia karatasi. Nasikia kiti chenye magurudumu kinasukumwa nyuma, na viatu, vyembamba, vinakuja huku upande wa mlango. Naweka kalamu.